KAUSHA DAMU HAICHEKESHI, WADAU! MOYO UNASIKIA KILA KITU

Kuna mtindo umeshika kasi mitandaoni. Mtu akianguka ghafla, kabla hata hajafikishwa hospitali, komenti zimeshajaa emoji za kucheka. "Presha ya mapenzi hiyo." "Karogwa." "Dogo laini sana." Tena wanaoandika hivyo ni haohao wanaojiita wasomi wa mjini!

Haya, mchukue kijana wa Kiberege, pale njia ya Kidatu kwenda Ifakara. Mchana kutwa anakata miwa. Ubongo unauambia mwili kazi ipo, moyo unaenda mbio, mishipa ya kwenye misuli inatanuka, damu inapita. Jioni akikaa kivulini na kunywa maji, mapigo yanashuka. Mwili umechoka, ila umetulia.

Usiku sasa. Simu inaita, ni watu wa mkopo wa kausha damu. Rejesho ni kesho, la sivyo picha yake inarushwa kwenye magrupu. Hajanyanyua hata panga, lakini ubongo unalipokea deni kama vile chui kaingia ndani. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, mishipa inabana, presha inapanda. Kotisoli nayo inafuata. Na hapo hakuna pa kukimbilia, maana deni halikimbiwi. Leo hivyo, kesho hivyo, mwezi mzima hivyo. Moyo gani utavumilia?

Mnaona ni stori za kijiweni? Kombe la Dunia 2006 kule Ujerumani, watafiti wa Munich walikuta kwamba siku timu yao inacheza, dharura za moyo ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Na hao ni watazamaji, sio wachezaji! Wajapani nao mwaka 1990 walieleza moyo unaotuna ghafla baada ya mshtuko mkubwa, wakauita takotsubo, yaani mtungi wa kunasia pweza, kwa jinsi unavyoonekana kwenye picha. Kumbe kuvunjika moyo sio maneno ya Bongo Fleva tu.

Halafu yupo yule mhamasishaji wa mjini, jina kapuni, suti kali, anawaambia vijana stress ni uvivu wa akili. Kaka, hiyo kitu iko kwenye damu, haikemewi kwa maikrofoni! Anawauzia watu ujasiri, wao wanaenda kufa kimyakimya kwa kuona aibu kusema wamezidiwa.

Presha mara nyingi haina dalili. Kupima ni dakika chache. Ikisoma 140/90 au zaidi mara kwa mara, daktari anahusika. Kifua kikibana, hospitali hapohapo, mambo ya mganga na kwenda live yakae pembeni.

Na mwenye kidole chepesi ajue hili: komenti yake inasomwa saa nane usiku na mtu ambaye moyo wake tayari unadunda kwa deni. Akimcheka, kamwongezea mzigo.

Wadau, mnasemaje?