Nyumba Hubebwa, Shamba Halibebwi

Juma hili twataka kuzungumza nanyi habari ya ardhi, maana hakuna neno linalowatia watu wa Goma wasiwasi kama hilo, isipokuwa labda mlima wenyewe.

Sisi tunaokaa Keshero twajua sana nyumba ya mbao ni kitu gani. Chini ya miguu yetu ni mwamba wa volkano, mweusi na mgumu, usiokubali sururu pasipo jasho la siku nyingi. Kwa hiyo fundi hupanga mawe machache, akasimamisha nguzo juu yake, akapigilia mbao na mabati, na baada ya siku chache jamaa wanalala ndani. Tetemeko likija, nyumba hiyo hutikisika tu, haiwaangukii watoto kama ukuta wa matofali. Tena mwenye kiwanja akimfukuza mpangaji wake, tumeona kwa macho yetu nyumba ikifunguliwa ubao kwa ubao, ikapakiwa juu ya chukudu tatu, na jioni imesimama Ndosho. Misumari tu ndiyo iliyopungua. Misumari hupotea njiani siku zote.

Basi, mtu asidhani ya kuwa nyumba iliyotengenezwa tayari ni jambo geni lililotujia kutoka Ulaya. Tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipopasuka na lava ikapita katikati ya mji, ikaunguza hata Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, watu 120,000 hivi walikosa mahali pa kulala. Wakati ule tulikuwa wanafunzi wadogo. Twakumbuka mafungu ya mbao na mabati waliyogawiwa watu na mashirika ya msaada, na baba zetu wakihesabu vipande kama mtu ahesabuye mbuzi wake. Mbao zilipatikana. Kazi ngumu ilikuwa kupata mahali pa kuzisimamisha.

Neno hilohilo limerudi. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, lava ikafika Buhene, pembeni kabisa mwa mji, ikameza maelfu ya nyumba. Halafu vita vikawaleta wakimbizi wengi mno Mugunga, Bulengo na Lushagala, mpaka kambi hizo zikabaki tupu mwezi wa Februari 2025. Katika taabu hizo zote shauri moja limekuwa likisikika: mji uongezewe ardhi ya jirani zake, na huko zisimamishwe kwa safu nyumba za kutengenezwa tayari, wapewe waliopoteza zao. Anayesema hivyo si mtu mbaya. Amewaona watoto wakilala chini ya turubai katika mvua ya masika, na moyo wake umeuma. Lakini yafaa tuwasikilize na wale wanaoombwa ardhi.

Jirani huyo ni nani? Upande wa kaskazini ni watu wa Bukumu, katika teritori ya Nyiragongo. Ukiitazama ramani utaona jinsi walivyobanwa. Teritori yao ni ndogo kuliko zote sita za Kivu ya Kaskazini: kilomita za mraba 163 tu. Huku wamezuiwa na Hifadhi ya Virunga, iliyowekwa na Wabelgiji mwaka wa 1925. Huku ni mpaka wa Rwanda. Na kusini ndiko uliko mji, unaokua kila mwaka. Tena, mahali pengi udongo ni kidogo juu ya mawe. Hata hivyo kabichi, karoti na viazi vya Kibumba ndivyo vinavyojaza meza za soko la Virunga, na mama zetu hawaulizi vimetoka wapi, wanauliza bei tu. Ukipanda nyumba katika mashamba hayo, utakula nini?

Sasa sheria. Twaomba msomaji avumilie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 yasema kwamba udongo wote wa nchi ni mali ya Serikali. Kifungu cha 387 kiliziingiza katika mali hiyo hata ardhi wanazokaa wenyeji kwa desturi, na kifungu cha 389 kikaahidi amri ya Rais itakayoeleza haki zao juu yake. Nusu karne ilipita bila amri hiyo kutoka. Kwa hiyo mkulima alilima kwa ruhusa ya mwami wake, kama babu yake alivyolima, naye mwenyewe hakuwa na karatasi. Na siku alipotokea mtu wa mji mwenye hati iliyopigwa muhuri, kesi ilikuwa imekwisha kabla haijaanza.

Wala tusiseme kwamba sheria haina neno la kumsaidia. Sheria hiyohiyo yataka uchunguzi ufanywe kabla ya kutoa ardhi ya mashambani: mipaka ikaguliwe mahali penyewe, watu waliomo waandikwe, wenye malalamiko wasikilizwe. Na Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 34, yalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi, nayo yakataza kumnyang'anya mtu mali yake isipokuwa kwa faida ya watu wote, baada ya kumlipa kwanza malipo ya haki. Kumlipa kwanza, ndugu msomaji, si kumwahidi. Tangu mji uliposhikwa na M23 mwezi wa Januari 2025, watu wengi wameuliza pia karatasi ipigwayo muhuri leo itaheshimiwa na nani kesho. Kwetu sisi swali hilo peke yake latosha kumfanya mzee wa jamaa asitie sahihi upesi.

Majirani wana maswali mengine, wala si ya sheria. La kwanza ni maji. Lava ni kama chujio: mvua ikinyesha, maji hupotea chini, hakuna mto. Vijijini kwa Bukumu watu hukinga maji ya paa, au huenda mbali na mabidoni. Ukileta nyumba elfu bila bomba, umeleta madumu elfu penye kisima kimoja.

La pili latuhusu sisi wa upande wa ziwa. Mwenye kutafuta kiwanja rahisi hutazama mabonde ya Lac Vert na Bulengo, akafurahi kuyaona wazi. Wenyeji wanajua sababu. Humo hutoka mazuku, hewa ya ukaa iliyo nzito kuliko hewa tunayovuta, nayo hulala katika mashimo kama maji yasiyoonekana, hasa usiku na alfajiri pasipo upepo. Mbuzi akishuka, hapandi tena. Mtu mzima aliyesimama aweza kupona pale ambapo mtoto aliyelala juu ya mkeka hataamka. Wataalamu wa Kituo cha kuchunguza volkano cha Goma wanaifahamu hatari hiyo. Waulizwe kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa, si baada ya mazishi.

Tungependa kuishia hapo, tukiwa upande wa wenye haki. Lakini kiwanja chetu wenyewe hapa Keshero, si mbali na soko la Kituku, kilikuwa shamba la maharagwe. Baba yetu alikinunua kwa mtu aliyekinunua kwa mwingine, na karatasi ya mtaa tunayo. Mwenye shamba wa kwanza hakuulizwa na yeyote kati yao. Alikufa, akaacha mjane. Tulipokuwa tunaandika mistari ya juu juu ya watu wa Bukumu, kalamu ilisimama, tukamkumbuka yule mama.

Uani petu pana mparachichi alioupanda mume wake. Kila msimu mama huyo huja bila kubisha hodi, akatandika kitenge chini, akachuma. Jirani mmoja alitushauri tumkataze, asije akadai kiwanja. Hatukumkataza, wala hatukuwahi kumwambia neno lolote juu ya shamba lake, kwa haya. Mwaka huu mti umezaa mno. Alikuja na mjukuu na vikapu viwili, akatuachia matunda sita mlangoni kama mwenyeji ampavyo mgeni.

Jumamosi tumemwalika kukaa pamoja nasi na mkubwa wa mtaa. Tutaileta ile karatasi mezani.