Mtu wa kodi alinipunguzia kodi, nikakosa nyumba

Leo naongea zaidi na wenzangu mlio huku Marekani, mwenye kaduka, mgahawa, saluni, anayesuka nywele nyumbani, anayeendesha gari la mizigo, na moyoni ana hamu ya kununua nyumba. Mlioko Dar, Mombasa au Goma someni pia. Wengi mna ndugu huku, na iko siku atapiga simu kusema anataka kununua nyumba, tumchangie.

Mimi nina duka Columbus, Ohio. Nauza unga, dagaa, mawese, vitenge, pilipili za kila aina. Shule niliishia kidato cha nne. Mambo ya mkopo wa nyumba, huku wanauita mogeji, hakuna aliyenifundisha. Nimefundishwa na hasara, na hasara yenyewe nitaitaja mpaka dola.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaokasirika: ukiwa umejiajiri, yule mtu wa kodi anayekuletea kodi karibu na sifuri kila mwaka ndo anayekugharimu kuliko wote. Sisi tunamsifia. Tunapeana namba yake. "Nenda kwa kaka yule, anajua kukata." Na kweli anajua kukata.

Mimi duka langu lilikuwa linauza zaidi ya dola 140,000 kwa mwaka. Ukitoa mzigo, pango, umeme wa mafriji na vitu vilivyooza, mkononi ilikuwa inabaki kama dola 2,600 kwa mwezi. Lakini kwenye ritani ya kodi, mwaka wa kwanza faida iliandikwa dola 9,400. Mwaka wa pili 14,200. Gari lote liliingia kwenye gharama za duka. Simu zote mbili. Hata sukari na sabuni za nyumbani. Hiyo ya sukari si halali, nasema wazi, na kosa ni langu kwa sababu nilikuwa nasaini bila kusoma. Nilikuwa naangalia mstari mmoja tu, ule wa kodi ya kulipa, nafurahi, naondoka.

Sasa sikiliza mkopeshaji anavyohesabu. Aliyeajiriwa anapeleka hati za mshahara na wanajua anapata ngapi. Wewe uliyejiajiri kwa kawaida wanataka ritani za miaka 2. Wanaenda kwenye fomu ya biashara, ile Schedule C, wanachukua faida baada ya gharama, sio mauzo. Wanajumlisha miaka miwili, wanagawa kwa miezi 24. Yangu: 9,400 jumlisha 14,200, gawa kwa 24. Inakuja dola 983 kwa mwezi. Kwa macho ya mkopeshaji, mimi na duka langu lote, na kuamka kwangu saa kumi na moja alfajiri, thamani yetu ilikuwa dola 983.

Kuna vitu vichache wanakurudishia, kwa mfano uchakavu wa vifaa. Kama ulinunua friji kubwa na mtu wa kodi akaandika uchakavu wake, hiyo hela hukuitoa mfukoni mwaka huo, kwa hiyo wanairudisha kwenye kipato chako. Lakini bidhaa, pango, petroli, hizo zikishakatwa zimekatwa.

Mume wangu anafanya kazi ghalani, dola 3,300 kwa mwezi kabla ya makato. Jumlisha na 983 zangu ni 4,283. Mkopeshaji wetu alitaka madeni yote ya mwezi, pamoja na nyumba yenyewe, yasizidi asilimia 43 ya kipato, yaani kama 1,840. Toa gari, dola 480. Nyumba inabakiwa na 1,360. Na nyumba tuliyoitaka, ya dola 215,000, ingekuja kama 1,900 kwa mwezi kwa riba ya asilimia 7, ukiweka kodi ya nyumba na bima zake. Kipato changu cha kweli kingeandikwa, tungepita. Sio kwa raha, lakini tungepita.

Kwani hatukujua haya kabla ya kuweka ofa? Hapo ndo kosa langu la pili. Nilipiga simu kwa mkopeshaji, akaniuliza kwa mdomo biashara inaingiza ngapi, nikamjibu kwa mdomo, akanitumia barua nzuri kuwa naweza kukopa. Mimi nikaona nimeshapita. Kumbe hakuna karatasi hata moja iliyosomwa. Barua ya maneno na barua iliyotolewa baada ya ritani, taarifa za benki na alama za mkopo kukaguliwa ni vitu viwili tofauti, hata kama zote zina nembo na saini. Kabla hujaanza kwenda kuangalia nyumba, uliza swali hili: "Ritani zangu zimesomwa na anayeidhinisha mkopo, au bado?"

Nikaenda na barua yangu. Dalali akaniambia wauzaji wanapenda ofa isiyo na masharti, nitoe sharti la mkaguzi na nitoe sharti la mkopo, ndo nitashinda. Nikatoa yote mawili. Nikaweka dola 2,500 za kuonyesha nia. Tukashinda. Nilipiga vigelegele dukani mpaka wateja wakauliza nani anaolewa.

Wiki tatu baadaye mama wa mkopo akapiga simu. Alikuwa mpole kweli. Akasema, "Nimepata nakala zako kutoka IRS." Maana wanazichukua wenyewe serikalini, hawategemei ile uliyowapa wewe. Mkopo umekataliwa. Na kwa kuwa sharti la mkopo nililitoa, ile 2,500 ikabaki kwa muuzaji. Mthamini nilishamlipa 600, hiyo hairudi. Jumla 3,100. Nyumba sina.

Lile sharti la mkopo ndo mlango wako wa kutokea: linasema ukinyimwa mkopo ndani ya siku zilizopangwa, hela yako ya nia inarudi. Mwenye hela taslimu anaweza kulitoa. Muuza dagaa anayesubiri benki asilitoe. Na sharti la mkaguzi vilevile. Mthamini anaangalia thamani kwa ajili ya mkopeshaji. Mkaguzi anaangalia paa, msingi, tanuru la joto na mabomba kwa ajili yako. Ni watu wawili, mmoja hafanyi kazi ya mwenzake.

Sasa ngoja niseme kuhusu mchezo, maana hili linatuhusu sisi kabisa. Wengine mnaita upatu, Wakenya mna chama, Wakongo wanasema likelemba. Wetu tulikuwa watu 12, kila mwezi dola 500. Zamu yangu ikafika, nikapokea 6,000 mkononi, nikazipeleka benki siku hiyohiyo, najiona nimejipanga. Mkopeshaji kwa kawaida anasoma taarifa za benki za miezi 2 ya mwisho, na hela kubwa ikitokea ghafla anauliza imetoka wapi. Anataka karatasi. Nikamweleza mchezo. Akauliza mkataba uko wapi. Mkataba! Mama zangu wa mchezo mkataba wao ni kuaminiana na kujuana nyumbani. Ile 6,000 haikuhesabiwa. Kwenye mkopo wa FHA kianzio ni angalau asilimia 3.5 kama alama zako ni 580 au zaidi. Kwa nyumba ile ni 7,525. Gharama za kufunga mauzo kwa kawaida ni asilimia 2 mpaka 5 nyingine. Tulibaki na 8,000 benki. Kwa hiyo hata kipato kingekubali, hapo tungekwama.

Mchezo sio mbaya, mimi bado nacheza. Ila omba zamu ya mapema, watu watume benki kwa benki badala ya noti, na hela ikae kwenye akaunti muda mrefu kabla hujaomba mkopo. Kama ni ndugu anakusaidia, kuna barua ya zawadi anayosaini kwamba hakudai. Kama anakudai, msiandike hamdaiani.

Hapo niseme jambo zito. Baada ya kunyimwa, mtu mmoja alinifuata akasema anaweza kunitengenezea ritani "nzuri" na barua ya kazi. Bei dola 800. Nilikaa nayo usiku mzima, siwadanganyi, maana nyumba nilikuwa nimeshaipanga kichwani mpaka mapazia. Kudanganya kwenye maombi ya mkopo wa nyumba huku ni kosa la serikali kuu, adhabu inafika miaka 30 jela na faini ya dola milioni moja. Na sisi ambao bado hatujapata uraia, kesi ya udanganyifu inagusa makaratasi yetu na ya watoto. Wapo wanaosema "kila mtu anafanya". Mimi sijaona kila mtu. Nimeona waliopita, ambao hawajakamatwa mpaka leo.

Kuna pia mikopo ya kuangalia hela zinazoingia benki kwa miezi 12 au 24 badala ya ritani. Ni halali, lakini riba yake huwa juu na kianzio kikubwa. Binafsi sikuipenda. Unalipia kwa miaka 30 kodi uliyoikwepa miwili. Wenzangu Waislamu mnaokwepa riba, zipo kampuni kama Guidance Residential zinazofanya kwa njia ya ubia, ila kipato wanakipima vilevile.

Na kwenye riba, jamani, tunashangaza. Gunia la mchele tunapiga simu kwa wauzaji wa jumla watano tukigombania dola mbili. Mkopo wa nyumba tunachukua wa kwanza aliyetujibu vizuri. Dola 200,000 kwa miaka 30 kwa asilimia 7 ni kama 1,331 kwa mwezi. Kwa asilimia 6.5 ni 1,264. Hiyo 67 ya kila mwezi inafika karibu 24,000 mpaka mwisho. Ukishapeleka maombi, mkopeshaji ana siku 3 za kazi kukupa karatasi ya kurasa tatu inayoitwa Loan Estimate. Chukua tatu kutoka sehemu tatu, wiki hiyohiyo, ziweke mezani kama ankara. Kuulizia sehemu nyingi ndani ya siku chache hakuharibu alama zako kama unavyotishwa, zinahesabiwa kama ombi moja.

Kuna msemo huku, kupanga ni kutupa hela. Uliniponza. Kwenye ule mkopo wa 200,000 wa asilimia 7, malipo ya mwezi wa kwanza ya 1,331, riba inakula 1,167, na deni linapungua 164. Hujaweka kodi ya nyumba, ambayo inapanda nyumba ikithaminiwa upya, wala tanuru likifa Januari. Mteja wangu mmoja malipo yake yalipanda zaidi ya dola 200 mwaka wa pili na riba yake haibadiliki. Ilikuwa ni kodi ya nyumba na bima. Kwa hiyo kupanga miaka miwili zaidi ukijiandaa sio aibu.

Mimi ndo nafanya hivyo. Nimebadilisha mtu wa kodi. Nina akaunti ya duka peke yake, sukari ya nyumbani nainunua kwa hela yangu. Ritani ya mwaka jana imeonyesha faida ya dola 31,600, na kodi ya kujiajiri peke yake ilikuwa karibu 4,500. Iliuma. Mume wangu alinuna siku mbili. Nikamwekea hesabu ya 983 mezani, akaelewa. Pia nimeenda kwa washauri wa nyumba waliokubaliwa na HUD, wengi ni bure au bei ndogo, ndo walionionyesha misaada ya kianzio ya jimbo kwa wanaonunua mara ya kwanza.

Mwezi wa nne mwakani napeleka ritani ya pili. Usiku mume wangu ameshaanza tena kuangalia picha za nyumba kwenye simu. Nimemwambia aangalie tu, asimpigie dalali.