Kunyonya kwa mpira, kuchota kwa kalamu

MWANZA. Katika mialo ya Ziwa Victoria, petroli ya mashine za mitumbwi huhamishwa kutoka kwenye pipa kwenda kwenye dumu kwa kipande cha mpira. Mtu huvuta mara moja kwa mdomo, hutema haraka, kisha mafuta hushuka yenyewe mradi dumu liko chini ya pipa. Hayakomi mpaka pipa likauke, hewa iingie au mtu auchomoe mpira.

Kitendo hichohicho kikifanywa usiku kwenye tangi la lori la mwenyewe, kila mtu hukiita wizi. Kikifanywa kwenye akaunti ya umma, sisi waandishi huandika kwamba fedha "zimechotwa", neno ambalo kinamama wa kando ya ziwa hulitumia kwa ndoo ya maji.

Lugha ya siasa iliwahi kuwa kali zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji alikuwa kupe na wajibu wa mzalendo ulikuwa kukata mirija. Mrija una ncha mbili. Ukiutaja, msikilizaji atauliza ncha ya pili iko kinywani mwa nani.

Swali hilo ndilo lililochelewa katika sakata la EPA. Katika mwaka wa fedha 2005/06, Sh133 bilioni zilitoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22, nyingi ya fedha hizo kwa nyaraka za kughushi. Pumzi ya kwanza ilikuwa karatasi. Yaliyofuata yalishuka yenyewe. Gavana Daudi Ballali aliondolewa Januari 2008. Agosti mwaka huo, Rais Jakaya Kikwete aliliambia Bunge kuwa waliochukua fedha hizo wana hadi Oktoba 31 kuzirejesha, la sivyo wafikishwe mahakamani. Kesi zilianza Novemba.

Sijapata kusikia utingo aliyekamatwa na madumu ya dizeli akipewa miezi ya kuirudisha kwenye tangi.

Waliochota hasa, kwa ndoo na madumu, ni wale wa Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipopinduka Agosti 10, 2019. Moto uliua watu zaidi ya 100. Wapo waliosema, hata kabla ya maziko kwisha, kwamba tamaa ndiyo iliyowaponza. Wale wa EPA tuliwaita mafisadi, ni kweli, lakini kwanza walipewa muda.