Mbwa Tisa wa Shambani

Wapo wasemao kwamba kitabu cha hadithi hakina nafasi katika sanduku la askari. Kwamba askari atosheke na kanuni za jeshi, sheria za polisi na amri za mkubwa wake. Sisi hatukubaliani nao. Leo twapenda kuzungumzia riwaya za aina moja tu, zile zinazobuni nchi iliyoharibika, ambamo serikali humchungulia raia usiku na mchana, ukweli wa jana hufutwa leo, na mtu humwogopa hata mwanawe. Riwaya hizo zapendwa sana duniani, na wengi hushangaa ni raha gani ipatikanayo katika kusoma taabu.

Tuanze na ile ijulikanayo zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwaka 1945 Mwingereza George Orwell alitoa kisa cha wanyama waliompindua mwenye shamba, wakaishia kutawaliwa na nguruwe. Fortunatus Kawegere alikifasiri kwa jina la Shamba la Wanyama. Kila akikumbukaye husema habari za nguruwe. Sisi twawaomba ndugu zetu askari wawatazame mbwa.

Nguruwe Napoleon aliwachukua watoto tisa wa mbwa mara walipoachishwa ziwa, akawaficha darini, akawalea peke yake hata shamba zima likawasahau. Siku walipotokea walikuwa majitu, shingoni wamevaa mikanda yenye shaba, nao wakamfukuza Snowball, mpinzani wa bwana wao, hadi nje ya shamba. Tangu siku hiyo mnyama aliyetaka kusema aliwatazama mbwa kwanza. Nguruwe alikuwa na maneno tu. Meno yalikuwa ya mbwa. Bila wao Napoleon asingetawala hata zizi moja.

Orwell hakuandika kwa kubahatisha. Tangu 1922 hadi 1927 alikuwa ofisa wa polisi wa kikoloni huko Burma, kisha akaiacha kazi hiyo. Ndiyo maana katika riwaya yake ya pili ya namna hii, iliyotoka mwaka 1949 na kuitwa kwa mwaka 1984, mwenye duka mpole anayempangisha Winston Smith chumba hutokea kuwa askari wa Polisi wa Fikra. Ni kitabu kikubwa, ingawa kwa maoni yetu kinamwachia msomaji pumzi ndogo mno. Twampenda zaidi Guy Montag, askari wa zimamoto katika riwaya ya Mmarekani Ray Bradbury ya mwaka 1953. Kazi yake si kuzima moto bali kuchoma vitabu, naye aifanya kwa furaha, mpaka siku moja anapoanza kujiuliza maswali. Katika riwaya hizi ni nadra kumkuta mwenye sare ambaye mwandishi amempa dhamiri.

Basi raha yake ni nini? Msomaji wa Ulaya huenda akaona humo onyo la kesho. Hapa Uganda mtu mzima huona kumbukumbu. Kati ya 1971 na 1979 kilikuwako kikosi cha upelelezi kilichojiita cha utafiti, chenye jumba lake Nakasero, na watu waliotiwa ndani ya buti za magari yake wengi wao hawakurudi. Anayeikumbuka miaka hiyo akifungua riwaya kama hizi hatafuti mashine za ajabu wala miji ya vioo. Anatafuta jibu la swali moja: siku amri mbaya itakapotoka, yule mwenye bunduki atafanya nini?

Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 221, inavitaka jeshi na polisi kuheshimu haki za binadamu katika kazi zao zote. Lakini raia haisomi Katiba kila siku. Huisoma katika uso wa askari kizuizini barabarani.

Jambo moja katika kisa cha Orwell hupitwa haraka na wasomaji. Mbwa wa shamba lile walijifunza kusoma vizuri, ila hawakupenda kusoma chochote isipokuwa zile Amri Saba zilizoandikwa ukutani. Na amri hizo zilipobadilishwa moja baada ya nyingine, hatusomi popote kwamba mbwa hata mmoja aliuliza.