Tuyo tumezibua. Fakitire nani atalipa?

Wakaaji wa Bukavu, vijana wenzetu,

Jumamosi iliyopita hatukushika mabango. Tulishika beleshi, ndobo na fito za mwanzi. Wamoja kati yetu wako na lisansi ya uchumi, wengine ya sheria, mmoja alisomea ujenzi miaka mitano. Wote tuko bashomeri. Siku ile mikono yetu ilikuwa ndani ya uchafu wa jikoni za watu, na hatuoni haya kusema. Wenye kupaswa kuona haya tutawafikia.

Habari ni hii. Ku mteremko wa kartie yetu kuko mama mmoja mwenye kuuza mandazi. Juu yake kuko parseli tatu. Tangu mvua za kwanza za mwezi wa tisa, maji machafu ya nyumba zile tatu yalikuwa yanatokea chini ya ukuta wake na kuingia pale watoto wanalala. Familia tatu zilisutana, kila moja inasema uchafu ni wa mwingine. Shefu wa avenyu akasema: "Musikilizane." Ofisi moja tuliipelekea barua mbili. Zote mbili zilipigwa kashe ya kupokelewa, kashe nzuri ya buluu. Maji yakabaki na rangi yake.

Basi tukaenda siye wenyewe. Lakini tuseme kweli: peke yetu tungeharibu zaidi. Tulitaka kuanzia nyumba ya juu kabisa, kumwanga maji mingi na kusukuma. Kwa bahati tulikuwa tumemwita muzee mmoja fundi wa tuyo, ambaye kartie nzima inamfahamu. Alituangalia, akacheka.

"Batoto, munaanzia juu ju ya nini? Munataka kuzamisha mama? Mufungue kwanza regari ya chini."

Regari ni kile kishimo chenye kifuniko, fasi tuyo zinakutana. Ukiifungua ukaikuta kavu, uzibo uko juu yake. Ukiikuta imejaa, uzibo uko chini yake. Unafuata hivyo, regari kwa regari, mpaka unakamata kipande chenye ugonjwa. Na ndani ya nyumba ni vilevile. Kama lavabo peke yake imekataa, uzibo uko karibu, pale tuyo inapokunjwa chini ya lavabo. Kama lavabo, dushi na choo vimekataa siku moja, usihangaike na lavabo, ugonjwa uko ku tuyo kubwa ama ku fosi. Kwa muda mfupi, bila mashini yoyote, muzee alijua fasi. Siye wenye diplomi tulikuwa tungali tunabishana.

Alitoa nini mule? Mafuta ya mawese yaliyoganda pamoja na majivu na mchanga wa kusugulia vyungu, ngumu kama sabuni. Masashe. Kitambaa cha jikoni. Kijiko. Aliingiza fito ya mwanzi polepole, anavuta kuliko kusukuma, kisha akamwanga maji ya moto na sabuni. Na alitukataza mambo matatu, ambayo tunawapa jinsi tulivyopewa:

Usichanganye zhaveli na asidi ndani ya tuyo. Hewa inayotoka pale inachoma mapafu.

Mtu asiingie ndani ya fosi, hata kama telefoni yake imeangukia mule. Hewa ya mule inaua mtu kabla hajapiga kelele, na inaua pia yule anayeshuka kumwokoa.

Uchafu uliotoa usiuache kando ya barabara. Mvua ya kwanza itaurudisha pale pale. Utie ku mifuko.

Kabla ya saa sita maji yalipita. Mama akapiga kigelegele. Na muzee tulimlipa: familia tatu zilichanga, mama alichanga, siye tulichanga. Wamoja kati yetu walitaka afanye bure, eti kwa ajili ya inchi. Hapana. Fundi naye anakula, watoto wake wanasoma. Hatuwezi kulaumu leta kwamba inatumikisha watu bila kulipa, halafu siye tunafanya vilevile kwa mtu maskini kutupita.

Hadithi ingeishia hapa, tungepiga picha, tungeweka ku intaneti, watu wangesema aksanti vijana. Lakini tulifuata maji.

Tuyo tuliyozibua inamwangika ku mfereji wa barabara. Hatua chache chini, ule mfereji umekufa: udongo, chupa, masashe, na ukuta mzima wa nyumba uliojengwa juu yake. Maji ya nyumba tatu, ambayo asubuhi yalikuwa yanaingia kwa mama, mchana yalikuwa yanatafuta njia ya kuingia kwa watu wengine. Tulimwokoa mmoja na kuwatumia wengine shida yake. Muzee aliosha mikono, akasema: "Tuyo ya nyumba ni kazi yangu. Ile ya barabara si yangu, na si yenu. Ni ya leta."

Neno letu leo ni hilo.

Huu ni muji wa vilima. Wakoloni waliuita Costermansville, na mifereji yao ilikuwa ya watu wachache. Leo watu wamejaa mpaka ku miteremko ambapo hata mbuzi anafikiri mara mbili. Hapa hakuna uchafu wa mtu mmoja. Kile unachomwanga juu, mwenzako anakikuta chini. Maji yanashuka mpaka ku Kawa, Kawa inashuka ku ziwa Kivu, na ku ziwa kuko watoto wanachota maji ya kunywa kwa bido. Kisha kolera ikitokea tunashangaa. Chupa na masashe vinaelea mpaka pale Ruzizi inapotoka ziwani, vinaziba barrage, turbini zinasimama, kura inakatika. Yule anayetupa sashe ku mfereji anajizimia taa yeye mwenyewe.

Na sheria iko. Katiba ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, ana wajibu wa kuyatetea, na leta inapaswa kuchunga afya ya raia. Dekre ya tarehe 30 mwezi wa 12, 2017, ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia masashe ya plastiki. Nenda leo soko yoyote, nunua nyanya tano, uone watakutilia ndani ya nini.

Tunawajua wenye kutuambia: "Nyinyi mukizibua, munafanya kazi ya leta, munawapumzisha wakubwa." Swali ni la haki, hata ndani ya kikundi chetu tulibishana juu yake mpaka usiku. Jibu letu: mama asingeweza kungojea katiba na watoto wake wamelala ndani ya maji ya choo. Tunazibua ju watu wanaumia leo. Lakini hatuzibui kimya. Kila tuyo tunayozibua, tunaandika fakitire, na fakitire ile inaenda ku meza ya mwenye mamlaka. Kujitolea bila kudai ni kuwazoesha wakubwa kulala.

Kuko pia wenzetu wa upande mwingine, wale wa "leta itafanya". Hawa hawatafanya kitu, lakini mvua ikinyesha usiku wanaamuka kufungua fosi yao ili mvua ibebe. Mwenzetu, mvua haibebi kitu mpaka mbinguni. Inakibeba mpaka kwa jirani. Ukifanya hivyo, usije kwetu na hotuba juu ya viongozi wabaya. Wewe mwenyewe ni kiongozi mbaya wa parseli yako.

Na sasa nyinyi wakubwa, yeyote anayekaa ku kiti. Mvua haiulizi jina la mwenye kiti, na siye vilevile. Takse ya soko munajua kuichukua kila asubuhi, hata kwa mama wa mandazi. Salongo munajua kuiamrisha, na maduka yanafungwa. Tunatoa matope ku mifereji, tunayapanga kando ya barabara, hakuna kamio inayokuja, mvua inayarudisha. Jumamosi inayofuata tunatoa matope yale yale. Hiyo ni kazi ama ni azabu?

Tunadai mambo manne.

Moja, mifereji ya kila kartie izibuliwe kabla ya mvua za mwezi wa tisa, na tarehe zibandikwe fasi kila mtu anaweza kusoma.

Mbili, matope ya salongo yabebwe siku ile ile.

Tatu, mafundi kama muzee wetu, pamoja na vijana bashomeri, waajiriwe kwa kazi hii na walipwe. Ufundi uko, mikono iko, uchafu uko. Kinachokosa ni mtu wa kusaini.

Ine, nyumba zilizojengwa juu ya mifereji zitolewe, na muanzie kwa zile kubwa zenye orofa. Musije kuvunja kibanda cha mwenye kuuza kredi na kusema kazi imekwisha.

Siye tutafanya sehemu yetu. Jumatatu tunapeleka fakitire ya kwanza: siku moja ya fundi, fito nne za mwanzi, mifuko kumi na mbili, na asubuhi moja ya vijana tisa wenye diplomi. Tutaomba kashe ya buluu, tumezoea. Vijana wa kartie zingine, fanyeni vilevile: mutafute fundi wenu, mumlipe, muzibue, muandike, mupeleke. Bila fujo, bila matusi, karatasi mkononi. Siku zile karatasi zitakuwa nyingi kupita matope, watalazimika kuzisoma.

Tuyo yetu iko wazi. Tunangojea yenu.

Siye vijana wa kartie