Nani Aliipunja Nairobi?

Kila uchaguzi unaponukia, hoja zilezile kuhusu Katiba ya 2010 huzuka upya katikati ya jiji, Jeevanjee na Kencom, na kabla ya jioni zimeshafika Kangemi, Kawangware na Kilimani. Husemwa kwa uhakika mkubwa, lakini nyingi hazisimami ukizipima kwa tarehe na hesabu. Nazijibu kwa sababu uongo kuhusu mwafaka wa 2010 ndio utakaotumiwa kuuvunja.

Ya kwanza: “Wananchi waliandika katiba Bomas, wanasiasa wakaiharibu Naivasha.” Ni kweli kwamba wajumbe 629, chini ya Profesa Yash Pal Ghai, walikesha wakijadiliana Bomas, kando ya barabara ya Lang'ata, na wakapitisha rasimu yao tarehe 15 Machi 2004. Ni kweli pia kwamba Dkt. Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake jijini Septemba 2003, na jina lake halistahili kusahaulika. Ila rasimu ya Bomas haikuuawa Naivasha. Upande wa serikali ulitoka nje ya mkutano kabla haujamalizika, rasimu ikabadilishwa, na wapigakura wakaikataa ile iliyobadilishwa Novemba 2005.

Iliyofika Naivasha Januari 2010 ilikuwa kazi ya Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na Nzamba Kitonga. Huko wabunge waliondoa ngazi ya mikoa na kuchagua mfumo wa rais badala ya kugawa mamlaka kati ya rais na waziri mkuu. Kaunti zikawa 47, kwa kufuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992. Wataalamu walikubali mengi na kukataa mengine. Bunge zima lilipoletewa rasimu hiyo, wabunge walikuja na mapendekezo zaidi ya 150 ya kuibadilisha. Hakuna hata moja lililopata kura 145 zilizohitajika, na tarehe 1 Aprili rasimu ikapita kama ilivyokuwa. Neno la mwisho likarudi kwa wananchi tarehe 4 Agosti, na zaidi ya theluthi mbili ya waliopiga kura wakasema ndiyo.

Ya pili: “Seneti ni kitu kipya, kilibuniwa ili wanasiasa wapate viti.” Seneti ilikuwepo 1963, ikiwa na maseneta 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Ilitokana na mapatano ya Lancaster House: chama cha KADU kiliogopa jamii ndogo zingemezwa, chama cha KANU kikakubali majimbo ili uhuru usicheleweshwe. Kugusa vifungu vikuu vya katiba ya uhuru kulihitaji robo tatu ya wabunge na asilimia 90 ya maseneta. Kufikia 1965 kiwango hicho kilikuwa kimeshushwa hadi asilimia 65, na mwisho wa 1966 Seneti ikafutwa, maseneta wenyewe wakipewa viti katika bunge moja lililobaki. Mwafaka ule haukushindwa na wananchi. Uliachwa na walioutia sahihi mara tu waliposhika serikali. Ndiyo maana waandishi wa 2010 waliweka Kifungu cha 255, kinachosema muundo wa ugatuzi haubadilishwi bila kura ya maoni.

Nayo Seneti ya leo hufanya kazi. Mwaka 2020 ilivutana kwa miezi kuhusu fomula ya kugawia kaunti fedha, fomula ambayo ingepokonya kaunti za kaskazini na pwani ili kuongezea zenye watu wengi. Lamu ina kura moja sawa na Nairobi katika uamuzi kama huo, na kwa sababu hiyo mvutano ulimalizika Septemba bila kaunti yoyote kupunguziwa.

Ya tatu: “Viti 47 vya wawakilishi wa wanawake ni zawadi.” Hapa hasira yangu ni ya upande mwingine. Katiba inakataza jinsia moja kupita theluthi mbili katika chombo chochote cha kuchaguliwa. Katika mabunge ya kaunti utaratibu umeandikwa: viti vya uteuzi huongezwa mpaka kiwango kifikiwe. Bunge la Kitaifa halikuwekewa utaratibu kama huo. Mwaka 2013 wanawake 16 tu walishinda maeneobunge kati ya 290, na hakuna hata mmoja aliyechaguliwa seneta. Mahakama ya Juu ilitoa muda hadi Agosti 2015 utaratibu huo utungwe, ukapita. Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge Septemba 2020, halikuvunjwa. Viti 47 ni sehemu ya deni iliyolipwa, na Bunge halijalipa iliyobaki.

Sasa ile inayosikika kuliko zote: “Mwafaka wa 2010 uliipunja Nairobi. Mtu mmoja, kura moja, shilingi moja!” Anayeisema hajakosea kuona pengo. Katika sensa ya 2009 Lamu Mashariki ilikuwa na watu 18,841 na mbunge wake, na Embakasi zaidi ya 900,000 na mbunge mmoja vilevile. Nairobi nzima ilikuwa na watu 3,138,369 na wabunge wanane, yaani watu wapatao 392,000 kwa kila mmoja. Punjo hilo lilikuwa la katiba ya zamani.

Mwafaka ulisema hivi: maeneobunge 210 yaliyokuwepo hayafutwi katika mapitio ya kwanza, hata yale 27 yasiyofikia kipimo, na mengine 80 yaongezwe. Kisha Kifungu cha 89 kikaweka mizani. Gawa Wakenya wa 2009 kwa 290, unapata watu wapatao 133,000. Mijini na kwenye maeneo yenye watu wachache eneobunge linaweza kupita au kupungukia wastani huo kwa asilimia 40, kwingine 30. Kikomo cha juu cha mjini kikawa karibu 186,000. Dagoretti ikagawanywa Kaskazini na Kusini, Kibra ikatolewa Lang'ata, Mathare ikatolewa Starehe, Kasarani ikawa tatu, Embakasi ikawa tano, jumla viti 17. Wastani wa jiji ukashuka hadi watu 184,600. Vingekuwa viti 16, wastani ungevuka kikomo.

Kwa hiyo jiji lilipewa idadi ndogo kabisa inayoruhusiwa. Kwa usawa kamili lingepata viti 23 au 24. Naona hiyo ilikuwa bei ya haki. Mkazi wa Westlands hufika bungeni kwa matatu moja, na wizara, mahakama na vyombo vya habari viko mlangoni pake. Mfugaji wa North Horr hana chochote cha hivyo karibu naye. Sauti yake ni mbunge wake.

Wengine hudai BBI, ule mpango wa kuirekebisha katiba, ingeliponya jiji, maana katika viti vyake 70 vipya, 12 vilikuwa vya Nairobi. Orodha hiyo iliingizwa bila wananchi kushirikishwa, na Mahakama ya Juu ikaikataa tarehe 31 Machi 2022.

Dawa ilikuwa tayari ndani ya katiba: mipaka ipitiwe upya kila baada ya miaka 8 hadi 12. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296 na wakazi wa Nairobi 4,397,073. Kikomo cha mjini sasa ni karibu watu 229,600 kwa eneobunge, na wastani wa jiji kwa viti 17 umefika karibu 258,700. Nairobi inastahili angalau viti 20 kwa kipimo kilekile cha 2010. Muda wa mapitio ulikwisha Machi 2024, wakati tume ya uchaguzi haikuwa na kamishna hata mmoja, na kiti cha 18 bado hakijachorwa.