Mgolole wa Plastiki: Kemia Ifundishwe kwa Mikono
Mwanafunzi anayekariri kwamba thamoplastiki hulainika kwa joto na kukakamaa ikipoa amejifunza maneno tu. Shule za sekondari za Ngara na Biharamulo zaweza kuiondoa kasoro hiyo bila kungoja maabara kubwa.

Yahitajika sanamu ndogo ya udongo uliochomwa, sufuria ya maji ya moto, koleo, glavu na kipande chembamba cha plastiki ya PET kutoka kisanduku angavu cha vyakula. PET huanza kulainika karibu nyuzi 75 za Selisiasi. Kipande kikitolewa majini, kitandazwe upesi begani mwa sanamu na kuvutwa kifanye mikunjo ya mgolole. Kikipoa hukakamaa, kikirudishwa majini hulainika tena, kwa kuwa minyororo ya molekuli zake haikufungamanishwa. Bakelaiti ya mpini wa sufuria haiwezi hivyo.

Wako watakaosema huu ni mchezo wa watoto. Na wajaribu polistireni, inayolainika karibu nyuzi 100. Wilaya hizi ziko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi hizo, na huenda plastiki ikagoma kukunjika. Hapo mwanafunzi atauliza sababu, na somo la fizikia litakuwa limeanza.

Lakini plastiki isipashwe motoni kamwe. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloridi, yenye kudhuru mapafu. Mwalimu aanze na onyo hilo, ndipo awashe jiko.